Mpira Ulionipiga Magole

Walinitafuta mimi kwa sababu nilikuwa mtu wa mbali. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia hivyo kwenye simu bila kuzunguka: wanataka mwamuzi asiye na shamba Magole, asiye na ng'ombe Magole, na asiye na shemeji Magole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mikumi, na mwisho wa wiki huchezesha mpira, mechi za shule na za kata, mara chache za wilaya. Magole nilikuwa naifahamu kwa dirisha la basi tu. Nikamwambia nitakuja.

Nilipokwisha kukubali ndipo akanieleza vizuri mechi yenyewe ni ya nini. Msimu ule ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi, tena si mara moja. Wakulima wakakamata ng'ombe, wafugaji wakaja kuwachukua kwa nguvu, kijana mmoja akavunjwa mkono na mwingine akapasuliwa kichwa. Hakufa mtu. Lakini tangu siku ile watu walikuwa wakipishana barabarani bila salamu, na kwetu mtu kukunyima salamu ni jambo zito kuliko kukutukana. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana mambo yao, na mwisho wakasema vijana wacheze mpira, wakulima na wafugaji, na watu wote waje kutazama. Familia moja ya wafugaji ikatoa dume. Wakulima wakatoa mchele. Kombe lingekwenda kwa mshindi. Nyama na wali vingeliwa na wote.

"Sasa madam," mwenyekiti akasema, "unaona kwa nini hatutaki refa wa hapa."

Nilishuka Kilosa siku moja kabla ya mechi, nikalala kwa baba yangu. Baba alifanya kazi stesheni ya reli maisha yake yote ya kazi, lakini mjini hakuna aliyemkumbuka kwa reli. Walimkumbuka kwa filimbi. Alichezesha mpira wilaya nzima tangu kabla sijazaliwa, na hata sasa, magoti yakiwa yamekwisha, wazee wenzake humwita Refa, na wakibishana kuhusu penati iliyoonyeshwa kwenye televisheni humpelekea yeye aamue. Kati ya watoto wake, ni mimi peke yangu niliyemfuata kwenye kazi hiyo. Alinifundisha uani kwetu, akiwa amekaa kwenye kiti, akinipangia sufuria kuwa wachezaji. Simama hapa. Hapana, hapo unaziba njia. Usimtazame mwenye mpira peke yake, tazama anakotaka kuupeleka. Na kuhusu mpira kumgonga mwamuzi alikuwa na maneno mafupi: refa ni sehemu ya uwanja, kama nguzo ya goli. Ukikugonga ukaingia, umeingia. Cheza.

Usiku ule nilipomwambia ninakokwenda na sababu yake, aliacha kula.

"Nitakuja," akasema.

"Baba, magoti."

"Nitakaa. Wapo watakaonipa kiti. Sijawahi kukuona ukichezesha."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimechezesha miaka mingi na baba yangu hajawahi kuniona hata mara moja. Nikiwa Mikumi yeye yuko Kilosa, na barabara ile ya vumbi si ya mtu mwenye magoti kama yake. Nilifurahi, nisifiche. Nilipiga pasi jezi yangu nyeusi asubuhi kama mtoto anayekwenda kuanza darasa la kwanza.

Tulikwenda kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, baba mbele na dereva, mimi nyuma na waamuzi wenzangu wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mwenzangu kutoka Mikumi, na mwingine alikuwa mwanamume wa Dumila mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Huyu wa duka alikuwa amekubaliwa na pande zote mbili kwa sababu moja tu: mkulima alinunua mbegu kwake na mfugaji alinunua dawa ya kupe kwake, na wote aliwauzia bei ile ile. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, lakini kwenye mstari wa pembeni alikuwa na macho ambayo sijayaona kwa mwingine.

Tulipofika watu walikuwa wameshajaa. Uwanja uko pembeni ya shule, nyasi zake fupi, udongo mweusi uliokauka na kupasuka. Upande mmoja walikaa wakulima, akina mama na kanga zao, wazee kwenye viti vya plastiki. Upande wa pili wafugaji walisimama, wengi wao wakiegemea hewa, kwa sababu fimbo zao walikuwa wamezikabidhi. Hilo lilikuwa sharti la mwenyekiti. Kila aliyekuja na fimbo, panga au sime alikiacha kwenye chumba kimoja cha darasa, na mlangoni alisimama mgambo. Nilipita hapo nikaenda kubadilisha nguo, nikachungulia dirishani. Fimbo na mapanga vilikuwa vimelazwa sakafuni chini ya ubao wenye hesabu za kujumlisha. Nikatoka haraka.

Baba alipewa kiti katikati ya wazee wa wakulima. Wengine walimkumbuka. Niliwaona vijana wakija kumpa shikamoo mmoja mmoja, naye akiitikia marahaba huku macho yake yako uwanjani, ananitazama ninavyokagua nyavu.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Wakulima walijua mpira zaidi, walipasiana chini. Wafugaji walikuwa na mbio na mapafu, na kipa wao alikuwa kijana mrefu sana, mwenye mikono mirefu, aliyekuwa akiruka kuifuata mipira ambayo hata haikuwa ikielekea golini. Watu walicheka naye, hata wakulima walicheka, na kicheko kile kilinituliza. Wakati wa mapumziko nilimtazama baba. Aliinua kidole gumba kidogo, juu ya goti lake, kama hataki watu waone.

Kipindi cha pili kilianza kuwa kizito. Hakuna aliyekuwa amefunga. Kadiri muda ulivyokwenda, ile michezo ya kugongana kidogo ikawa ya kugongana kweli. Nilitoa kadi ya njano kwa beki wa wafugaji, kisha kwa kiungo wa wakulima, na kila nilipotoa upande mmoja ulinung'unika na mwingine ukapiga makofi. Sasa nilikuwa nasikia maneno. Mtu mmoja upande wa wakulima alisema kwa sauti ya kunifikia, "Huyu si binti wa Refa wa Kilosa? Huyu ni wetu."

Sikupenda kulisikia.

Mwishoni kabisa mwa kipindi cha pili wakulima walipata kona. Wachezaji wote walijazana mbele ya goli la wafugaji, wanashikana jezi, wanasukumana. Niliona beki amemkumbatia mshambuliaji kiunoni, nikaingia ndani zaidi kuliko ninavyoingia kawaida, ndani ya eneo la penati, nione vizuri. Kona ikapigwa. Mpira ukaruka vichwa vyote, beki mmoja akauokoa kwa kichwa, ukatoka nje kidogo ya eneo, ukadunda mbele ya nahodha wa wakulima, mtu wa mguu wa kushoto. Aliupiga vile vile ulivyokuja.

Nilimwona akiinua mguu. Nilijua niko njiani. Nilichoweza kufanya ni kugeuza uso tu.

Sikusikia mshindo wowote. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango ndani ya kichwa changu kisha akaubamiza. Sikioni, upande wa kushoto, palijaa moto, na uwanja ukainama. Filimbi ilinitoka mdomoni. Niliona nyasi karibu sana, nikaelewa kwamba nimepiga goti, na nikaona chungu mmoja akipanda kwenye kamba ya kiatu changu, nikamtazama kana kwamba ndiye niliyekuja kumwona Magole.

Nilipoinua kichwa nilidhani watu wote wamenyamaza. Nakumbuka niliogopa ukimya ule. Mbele yangu kipa mrefu alikuwa amesimama upande mmoja wa goli, mikono imening'inia, na mpira ulikuwa upande mwingine, ndani ya nyavu. Wachezaji wa wakulima walikuwa wanakimbia na midomo wazi. Akina mama walikuwa wanaingia uwanjani na kanga zao zimeinuliwa. Midomo yote ilikuwa wazi na hakuna sauti. Kisha, polepole, kutoka upande wa kulia tu, kelele zikaanza kuja, kama redio inayotafutiwa mawimbi.

Mpira ulikuwa umenigonga mimi ukabadilisha njia ukaingia golini.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kumtafuta yule mwenye duka. Mwamuzi wa pembeni akiona goli ni halali hukimbia kuelekea katikati ya uwanja. Ndiyo ishara yetu. Yeye hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale, karibu na kibendera cha kona, bendera yake imeshuka, ananitazama.

Hapa niseme kidogo habari ya sheria, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo. Maneno ya baba yalikuwa sahihi kwa zama zake. Mpira ukimgusa mwamuzi, mchezo uliendelea, na ukiingia golini lilikuwa goli. Lakini miaka michache iliyopita sheria hiyo ilibadilishwa. Siku hizi, mpira ukimgusa mwamuzi na kwa sababu hiyo timu ikapata shambulizi zuri, au mpira ukahamia kwa timu nyingine, au ukaingia golini moja kwa moja, mwamuzi anasimamisha mchezo na kuuanza upya kwa kuudondosha mpira. Kama ilitokea ndani ya eneo la penati, kipa ndiye anayedondoshewa mpira. Kama mguso haukubadilisha kitu, watu wanaendelea kucheza. Nilifundishwa hayo kwenye semina Morogoro, na tangu hapo mpira ulikuwa umenigusa mara nyingi miguuni na mgongoni, nikapuliza pale panapohitajika, na hakuna aliyejali. Goli lililotoka kichwani mwangu nilikuwa sijawahi kuliona, wala kukutana na mwamuzi aliyeliona.

Niliokota filimbi. Ilikuwa na udongo, nikaipuliza hivyo hivyo na udongo wake, nikanyoosha mkono kuonyesha si goli, nikaenda kwa yule mwenye duka. Midomo yake ilikuwa ikicheza na sikumsikia. Nikamgeuzia sikio la kulia.

"Umekugonga wewe," alikuwa akisema. "Kichwani."

"Kuna mchezaji aliyeugusa baada yangu?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Madam, umetoka kwako ukaingia. Sikio lako linatoka kitu."

Nikapitisha mkono. Ulikuwa unyevu. Nikaupangusa kwenye bukta nyeusi, damu haikuonekana.

Nilipogeuka nahodha wa wakulima alikuwa ameshafika, na wenzake wote nyuma yake. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilosahau.

"Madam, pole sana, sikukusudia. Lakini ni goli."

"Si goli. Mpira umenigusa mimi. Naudondosha kwa kipa."

"Kwa kipa wao?" Tabasamu likaondoka. "Madam, refa ni kama nguzo. Hata mtoto anajua."

"Zamani. Sheria imebadilika."

"Imebadilika leo?"

Mtu nyuma yake akasema neno ambalo sitaliandika, na mwingine akasema nimenunuliwa kwa maziwa. Nilitoa kadi ya njano kwa huyo wa maziwa.

Kisha nikaona kitu kingine. Watu walikuwa wanaondoka pembeni mwa uwanja, wakulima kutoka upande wao na wafugaji kutoka upande wao, si kuja uwanjani bali kwenda shuleni. Kwenye kile chumba. Hawakukimbia. Walitembea upesi, wakitazamana. Nilimwona mgambo ameuegemea mlango kwa mgongo, mikono imetanda. Niliwaza, kwa uwazi ambao bado unanishangaza, kwamba kama mtu atauawa hapa leo atakuwa ameuawa na kichwa changu.

Ndipo umati upande wa wakulima ukapasuka katikati, watu wakapisha, na baba yangu akaingia uwanjani.

Walikuwa wamekwenda kumwita. Nililielewa hilo mara moja. Alikuja taratibu, mkono mmoja begani kwa mzee mwenzake, kofia imenyooka, na kadiri alivyokaribia kelele zilipungua, kwa kweli safari hii, hata waliokuwa wakienda chumbani walisimama kuangalia. Refa wa Kilosa amekuja kumwambia binti yake. Wachezaji wakatupisha. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini na nikahisi miguu yangu inataka kupiga magoti, kama tulivyokuwa tukimsalimia tulipokuwa wadogo.

Hakuinua sauti. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "lile ni goli."

"Sheria imebadilika, baba."

"Mimi nimechezesha miaka yote ile. Refa ni sehemu ya uwanja. Wape goli lao, watu waende nyumbani salama."

Uso wake ulikuwa na woga. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mpira wenyewe. Hakuwa amekuja kunidhalilisha, wala kuwatetea wakulima. Alikuwa ameona kile nilichokiona mimi, wale watu na kile chumba, na alikuwa amekuja kunitoa katika hatari kwa njia pekee aliyoijua. Kama ningekuwa peke yangu naye uani ningemwambia ndiyo, baba. Lakini upande wa pili wafugaji walikuwa wamesimama mstari mmoja, kimya, wananitazama mdomo, na kipa wao mrefu alikuwa bado pale golini, hajaondoka, mpira ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mzigo autunze.

Nikasema, "Baba, naomba utoke uwanjani."

Sijui kama niliwahi kumwambia baba yangu neno la kumwamuru kabla ya hapo. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee aliyemshika bega alinitazama kama nimevua nguo. Macho ya baba yalinitafuta usoni, jicho moja kisha lingine, kama anatafuta mahali ambapo mtoto wake amejificha. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, taratibu vile vile, na hakukaa tena kwenye kile kiti. Alipita moja kwa moja akaenda kwenye kirikuu.

Nadhani ndicho kilichowatuliza. Watu walikuwa wamejiandaa kunipiga kwa kuwa nimependelea, na mbele ya macho yao nilikuwa nimemfukuza baba yangu mzazi. Nahodha wa wakulima alinitazama, akamtazama baba anavyokwenda, akainua mikono akawarudisha wenzake nyuma. Mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni kwa mgambo na alikuwa anaongea na watu mmoja mmoja. Walirudi. Si wote, lakini walirudi.

Nilichukua mpira kutoka kwa kipa. Nikawasogeza wote wengine mbali. Nikaushika usawa wa kiuno, mbele yake, nikauachia. Ulidunda kwenye udongo ule uliopasuka ukaenda pembeni kidogo, na kipa, ambaye labda alikuwa hajawahi kudondoshewa mpira maishani mwake, aliuangalia kwa sekunde nzima kabla hajakumbuka kuupiga. Aliupiga mbali, juu, na watu wote wakaufuata kwa macho.

Mechi iliisha bila goli. Tukaenda kwenye penati, na wakulima wakashinda. Sijui ingekuwaje kama wangeshindwa, na sipendi kuwaza. Ninachojua ni kwamba kabla sijamaliza kufungua kamba za viatu, yule aliyesema nimenunuliwa kwa maziwa alikuja na soda ya baridi, ameshika kwa mikono miwili, akasema, "Pole na sikio, madam." Uso wake ulikuwa wa mtu mwema kabisa. Nilipokea. Nilitazama wakulima na wafugaji wakichuna dume lile pamoja, wakielekezana mahali pa kupitisha kisu, na mwili wangu ukaanza kutetemeka kwa namna ambayo sikuweza kuizuia. Yule mwenye duka akanifunika koti lake, akasimama mbele yangu ili watu wasione.

Baba hakushuka kwenye gari. Walimpelekea wali na nyama, akashukuru, akaviweka kwenye dashibodi. Njia nzima mpaka Kilosa hakugeuka. Mimi nilikaa nyuma nikitazama kisogo chake kupitia kioo. Tulipofika nyumbani akasema, "Ulale salama." Nikasema, "Nawe, baba." Basi.

Asubuhi foronya ilikuwa na damu, na sikio la kushoto halikusikia hata maji yanayomiminwa kwenye ndoo. Nilitaka kuondoka kimya kimya kwenda hospitali ya wilaya, lakini baba alikuwa ameshakaa mlangoni, amevaa viatu.

Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alichungulia kwa taa, akachungulia tena, akasema ngoma ya sikio imetoboka. Akasema nyingi huziba zenyewe, nisiingize maji, nisipenge kamasi kwa nguvu, nirudi baada ya wiki kadhaa. Aliuliza nilipigwa na nini. Baba akajibu kabla yangu: "Mpira. Alikuwa kazini."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi kusubiri dawa. Alikaa upande wangu wa kulia; alikuwa ameuchagua. Baada ya muda akasema, akitazama mbele, "Kumbe ulikuwa husikii."

Nilielewa anachonipa. Kilikuwa kitu kizuri, na kingetutosha wote wawili. Angewaambia wazee wenzake kwamba binti alikuwa amepigwa, masikio yameziba, hakujua anasema na nani. Ningenyamaza tu.

"Upande huu nilikuwa nasikia," nikasema. "Nilikusikia, baba."

Alitikisa kichwa polepole. Mgonjwa mmoja aliitwa dirishani, akaenda, akarudi. Sikuthubutu kumtazama.

"Hiyo sheria," akasema, "ilibadilika kweli?"

"Ndiyo, baba. Miaka kadhaa sasa."

"Miaka kadhaa." Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayeambiwa kwamba ndugu amefariki na wamekwisha kumzika. "Na hakuna aliyeniambia. Wananiletea maswali kila siku pale kahawani. Nawajibu."

Tulipokuwa tukionana tulizungumza presha yake, paa la jikoni, wajukuu. Nani angefikiria kumwambia.

"Nieleze basi," akasema.

Nikamweleza pale pale kwenye benchi, kwa mikono, jinsi inavyokuwa nje ya eneo na jinsi inavyokuwa ndani, lini unapuliza na lini unaacha. Alisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza nikimsomea kitabu cha shule, bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na kama ningekataa kutoka jana, ungenipa kadi?"

"Wewe si mchezaji, baba. Ningesimamisha mechi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utoke."

Alinigeukia akanitazama, na uso wake ulikuwa bado na ule mshangao wa jana, haukuwa umekwisha. Alinitazama hivyo mpaka dirishani wakaita jina langu. Nilipotaka kuinuka akanishika mkono nikae, akaenda mwenyewe na magoti yake kunichukulia dawa.